Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Mashua Hurudi Nyuma Mtu Arukapo Gatini?

Safari hii nimeziweka pamoja barua zilizotoka Lamu na kwa jirani zetu wa upande wa Malindi, kwa sababu zote, ingawa walioziandika hawajuani, zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mwendo wa kitu hutoka wapi, na kitu kikisimama mwendo huo huenda wapi. Barua nimezifupisha kidogo, lakini maneno ni ya wenyewe.

*Assalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni kijana wa Shela, na kila asubuhi huvuka kwa mashua kuja kazini mjini. Wiki mbili zilizopita nilifika gatini nikiwa na haraka, na mashua ilikuwa haijafungwa kamba. Nilisimama omoni nikaruka kama nirukavyo siku zote. Mashua ikarudi nyuma chini ya miguu yangu, nikaangukia katikati ya gati na chombo, na goti likachubuka kwenye ngazi iliyoota chaza. Siku ya pili niliruka vivyo hivyo kutoka kwenye jahazi la mchanga, nalo pia halikuwa limefungwa, na nikatua salama. Nguvu nilizotumia ni zile zile. Ami yangu asema ni maji yaliyokuwa yakikupwa, lakini mimi nahisi kuna jambo jingine.*

Waaleikum salaam, kijana wangu, na pole kwa goti. Jeraha la chaza si la kupuuzwa, kwa hivyo lisafishe vizuri na uliangalie kwa siku kadhaa. Ami yako hakukosea kusema kwamba maji yakupwayo huivuta mashua isiyofungwa. Lakini maji yale yale yalilishika na jahazi pia, kwa hivyo hayatoshi kueleza tofauti uliyoiona.

Rudi omoni kwa mawazo, uziangalie nyayo zako tu. Kabla hujaruka, magoti yamekunjwa, na wewe na mashua mmetulia. Unaponyosha magoti, nyayo zako huusukuma ubao wa omo kuelekea nyuma, na ubao nao huzisukuma nyayo zako kuelekea mbele. Mtu hawezi kujisukuma mwenyewe pasipo kitu cha kukanyaga. Arukaye husukumwa na kile alichokikanyaga. Isaac Newton, mwanasayansi wa Uingereza, aliliandika jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1687: vitu viwili visukumanapo, kani inayokipata kimoja ni sawa na ile inayokipata kingine, ila zinaelekea pande mbili zilizo kinyume. Tena misukumo hiyo miwili huanza pamoja na hukoma pamoja, kwa kuwa wakati kidole chako cha mwisho kinapoachana na ubao, ubao nao umeachana nawe. Kani ni sawa na muda ni sawa. Basi kile ambacho kila mmoja wenu amekipata lazima nacho kiwe sawa.

Kilicho sawa hapa si kasi, na hapo ndipo wengi hupotea. Kilicho sawa ni tungamo la kitu, yaani wingi wa maada iliyomo ndani yake, likizidishwa kwa kasi yake. Newton alikiita kiasi cha mwendo, na siku hizi katika fizikia tunakiita momenta. Tuseme wewe una kilo 70 na mashua yenyewe ina kilo 350. Ikiwa uliondoka kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde, momenta yako kuelekea gatini ilikuwa 70 mara 2, yaani 140. Mashua ilibidi ipate 140 hiyo hiyo kuelekea nyuma, na kwa kuwa ina kilo 350, kasi yake ilikuwa mita 0.4 kwa sekunde, yaani sentimita 40 katika kila sekunde, kasi ambayo jicho huiona na mguu huihisi. Maji yalipunguza kidogo, kwa sababu mashua irudipo lazima iyasogeze, lakini si kwa kiasi cha kukuokoa.

Sasa njoo kwenye jahazi la mchanga, ambalo pamoja na shehena yake tulikadirie kuwa na kilo 14,000. Nalo pia lilipokea momenta sawa na uliyoipata wewe, wala halikusamehewa hata chembe. Lakini ukiigawanya momenta hiyo kwa kilo 14,000, unapata mwendo wa sentimita moja hivi kwa sekunde. Jahazi lilirudi nyuma, ila wewe hukuliona likirudi.

Kuna jambo la pili ambalo barua yako inaligusa bila kulitaja, nalo linanivutia zaidi. Umesema nguvu ulizotumia ni zile zile, nami nakuamini. Lakini kazi iliyofanywa na misuli yako haikugawanywa sawasawa kama momenta. Nishati ya mwendo haihesabiwi kwa kasi tu, bali kwa kasi iliyozidishwa kwa yenyewe, ndiyo maana kile kilicho chepesi huchukua fungu kubwa na kile kilicho kizito huambulia kidogo. Ukiruka kutoka kwenye mashua ya kilo 350, sehemu moja kati ya sita ya nishati uliyoitoa huenda kwa mashua. Ukiruka kutoka kwenye jahazi, karibu yote hubaki kwako. Kwa miguu ile ile na bidii ile ile, ulitoka kwenye mashua kwa mita 2 kwa sekunde, lakini ulitoka kwenye jahazi kwa karibu mita 2.2. Kwa hivyo siku ile ya kwanza ulipunjwa mara mbili: gati lilikuwa limeachwa mbali na mashua, na mruko wako wenyewe ulikuwa mfupi.

Nakuomba uangalie pia hatua ulizopiga kabla ya kuruka. Mtu anapotembea kutoka tezini kwenda omoni ndani ya mashua isiyofungwa, kila hatua aipigayo mbele huisukuma mashua nyuma. Ukitembea mita 4 ndani ya mashua ile ya kilo 350, na tukiacha kando ukinzani wa maji, mashua itakuwa imerudi sentimita 67 kufikia wakati unaposimama omoni. Abiria hulaumu nahodha kwamba hakuisogeza mashua karibu, kumbe ameisogeza, na ni wao walioiondoa kwa miguu yao. Nimemwona kwa macho yangu mama mmoja aliyebeba kikapu cha maembe, mguu wake mmoja u juu ya gati na wa pili u ndani ya mashua, na nafasi iliyo kati ya miguu hiyo ikizidi kupanuka huku watu wakipiga kelele badala ya kushika kamba. Kamba ikifungwa, hayupo tena mtu wa kilo 70 anayeisukuma mashua ya kilo 350. Yupo mtu anayelisukuma gati, na gati limeshikana na kisiwa kizima. Tafadhali, msiruke kabla ya kamba kufungwa, na hasa wazee na wenye watoto mgongoni.

*Mwalimu, salaam. Mimi ni nahodha wa chombo cha mizigo baina ya Mokowe na Lamu, kazi niliyoifanya miaka mingi. Vijana wangu huniuliza kwa nini nazima injini mapema sana nikiwa na shehena, na kwa nini nikiwa mtupu nafika karibu kabisa ndipo nazima. Mimi najua kwa mazoea, lakini sina maneno ya kuwaeleza. Na hayo matairi yaliyoning'inizwa gatini, mwendo wa chombo changu huingia humo ukapotelea humo?*

Nahodha, mazoea yako yametangulia mbele ya hesabu, na kazi yangu ni kuyatafutia maneno tu. Chombo kilichojaa kikienda kwa kasi ile ile ya kitupu kina momenta kubwa zaidi, kwa sababu tungamo limeongezeka. Baada ya kuzima injini, kitu pekee kinachoipokea momenta hiyo ni maji, nayo huipokea kidogo kidogo, sekunde baada ya sekunde. Chombo kikiwa na momenta mara tatu, na maji yakiipokea kwa kiasi kile kile katika kila sekunde, kitahitaji muda mara tatu ili kitulie. Kwa kweli chombo kilichojaa huzama zaidi na hushikwa na maji zaidi kidogo, lakini ziada hiyo haiufikii uzito ulioongezwa. Waambie vijana kwamba unazima mapema ili kuyapa maji nafasi ya kupokea.

Ama kuhusu matairi, hayapotezi chochote, bali yanaongeza muda. Chukua chombo cha tani 8 kinachoingia kwa nusu mita kwa sekunde. Momenta yake ni 4,000, na ili kisimame, 4,000 yote lazima ipokewe na gati. Kikigonga saruji tupu, ubao kwa jiwe, kitasimama ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, tuseme 0.05. Kani itakuwa nyutoni 80,000, sawa na uzito wa magunia 160 ya kilo 50 yaliyorundikwa juu ya mbao zako mara moja. Tairi likijibonyeza kwa sentimita 12 au 13, muda utafika nusu sekunde, na kani itashuka hadi nyutoni 8,000, uzito wa magunia 16. Kilichopokewa ni kile kile. Tofauti ni kama ile ya mtu aliyepakuliwa mzigo wote kichwani kwa pigo moja na mtu aliyekabidhiwa gunia moja moja.

Umeuliza inakoishia. Gati huipokea na kuipitisha kwa kisiwa cha Lamu, na kisiwa huipitisha kwa Dunia yote, ambayo tungamo lake ni kilo zinazoandikwa kwa tarakimu 6 ikifuatwa na sifuri 24. Gawanya 4,000 kwa idadi hiyo, na utaona kwamba kasi ambayo Dunia imeipata ni ndogo kiasi kwamba hata kwa mwaka mzima isingeisogeza kwa upana wa atomi moja. Lakini ndogo si sawa na hakuna. Tena kumbuka kwamba ulipoondoka Mokowe, rafadha yako ilipata kuisukuma mashua mbele kwa kuyasukuma maji nyuma, na maji hayo hatimaye yaliikabidhi Dunia momenta ya upande ule mwingine. Ulipofika Lamu ukayagusa matairi, deni lile lililofunguliwa Mokowe likawa limelipwa lote.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kike wa kidato cha tatu hapa Lamu. Tumefundishwa kwamba momenta haipotei. Lakini mikokoteni miwili iliyo sawa ikija uso kwa uso kwa kasi sawa, ikagongana na kusimama pale pale, kabla ya kugongana yote miwili ilikuwa na mwendo na sasa hakuna wenye mwendo. Nilipouliza, niliambiwa nikariri kanuni kwa ajili ya mtihani. Nimekariri, lakini sijaridhika.*

Marahaba, mwanangu. Usiridhike. Swali hilo hilo lilimtatiza René Descartes, mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa Ufaransa, ambaye mwaka 1644 alitangaza kwamba jumla ya mwendo katika ulimwengu haiongezeki wala haipungui. Wazo lake lilikuwa jema, lakini aliihesabu kasi bila kuutia upande ndani ya hesabu, na kwa sababu hiyo kanuni zake za migongano nyingi zilitoka mbovu. Mojawapo ilisema kwamba kitu kidogo kikikigonga kikubwa kilichotulia, hata kiende kasi namna gani, hakitaweza kukisogeza. Mtoto wa Lamu asingehitaji kitabu ili kulikanusha hilo, maana ameshaona mara nyingi mashua ndogo ikiligonga jahazi linaloelea, na jahazi likasogea polepole.

Upande ni sehemu ya momenta kama vile "anadai" na "anadaiwa" zilivyo sehemu ya hesabu ya dukani. Tuseme kila mkokoteni una kilo 200 na unakwenda mita moja kwa sekunde. Wa kwanza, aelekeaye kaskazini, mpe 200. Wa pili, aelekeaye kusini, mpe 200 ya kutoa. Jumla yake ni sifuri kabla hata haijagusana. Ikisimama, jumla ni sifuri bado. Hakuna kilichopotea, kwa sababu kwa jumla hapakuwa na chochote cha kupotea. Ni kama nyumba ambamo mmoja ana akiba ya shilingi 200 na mwenziwe ana deni la shilingi 200.

Najua utaniambia: lakini kulikuwa na kishindo, mbao zimepasuka, na kishindo hakitoki kwenye sifuri. Ni kweli kabisa, na hapo lazima tutenganishe vitu viwili ambavyo lugha yetu ya kila siku huvichanganya. Kilichopasua mbao ni nishati, na nishati haina upande. Nishati ya mkokoteni wa kaskazini na ya yule wa kusini hujumlishwa, hazifutani. Imegeuka kuwa sauti, joto na mbao zilizovunjika. Mtu akiniambia kwamba momenta na nishati ni majina mawili ya kitu kimoja, humwambia aiangalie mikokoteni hii miwili.

Aliyeyanyoosha makosa ya Descartes kwa uzuri zaidi, kwa maoni yangu, ni Christiaan Huygens wa Uholanzi, na nafurahi kukusimulia wewe wa Lamu namna alivyofanya, kwa sababu alitumia chombo cha majini. Nchi yake ilijaa mifereji, na watu walisafiri kwa mashua zilizokwenda taratibu kando ya ukingo. Alimfikiria mtu aliye ndani ya mashua kama hiyo, ameshika mipira miwili iliyo sawa, iliyoning'inizwa kwa nyuzi, akaigonganisha kwa kasi sawa, nayo ikarudi kila mmoja ulikotoka kwa kasi ile ile. Kisha akamfikiria mtu wa pili, aliyesimama ukingoni. Mashua ikiwa inakwenda kwa kasi ile ile ya mipira, mtu wa ukingoni atauona mpira mmoja umesimama na mwingine ukiujia kwa kasi maradufu. Na baada ya kugongana, ule uliokuwa ukienda umesimama, na ule uliosimama umeondoka na mwendo wote. Mgongano ni ule ule mmoja. Macho tu ndiyo yaliyobadilika mahali. Kutokana na mgongano rahisi aliojua jibu lake, Huygens akapata jibu la mgongano asioujua, kwa kumhamisha mtazamaji kutoka chomboni hadi nchi kavu. Baada ya chama cha wanasayansi cha London kuuliza mwaka 1668 kuhusu kanuni za migongano, yeye pamoja na Waingereza wawili, John Wallis na Christopher Wren, walituma majibu. Kitabu chake chenyewe cha migongano kilichapishwa mwaka 1703, miaka minane baada ya kufa kwake.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, tafuta gololi sita zilizo sawa na uziweke kwenye mfereji wa rula au kati ya vitabu viwili. Panga nne zikigusana, kisha zipige kwa moja: upande wa pili itatoka moja. Zipige kwa mbili zinazokwenda pamoja: zitatoka mbili. Sasa jiulize kwa nini isitoke moja kwa kasi maradufu, maana momenta ingekuwa sawasawa vile vile. Piga hesabu ya nishati, na utaona kwamba gololi hiyo moja ingetoka na nishati mara mbili ya ile iliyoingizwa na zile mbili. Kanuni ya momenta peke yake ingeiruhusu; ya nishati inaikataza. Mtihani huenda usikuulize hili, lakini nina hakika wewe mwenyewe ulikuwa karibu kuliuliza.

*Mwalimu, nafanya kazi ya kubeba mchanga kwa mkokoteni wa punda. Vijana wakitupia gunia ndani ya mkokoteni wakati punda anatembea, punda hushtuka kana kwamba amevutwa nyuma. Wao wasema ni woga wake tu.*

Si woga. Gunia linaloanguka wima halina mwendo wa kwenda mbele, na ili liende na mkokoteni lazima lipewe. Mkokoteni wa kilo 150 uendao mita 1.2 kwa sekunde ukipokea gunia la kilo 30, na punda tukimwacha kando, mwendo wa wote pamoja hushuka hadi mita 1 kwa sekunde. Anayeurudisha ule uliopungua ni punda, kwa mabega yake, na kwa mkupuo mmoja. Msimamishe kwanza, gunia litiwe, kisha aanze taratibu. Mnyama huyo hubeba mji wetu mzima, na sioni sababu ya kumwongezea maumivu yasiyo na faida.

*Mwalimu, mimi ni mkazi wa Ngomeni. Wazee wetu hutusimulia jinsi roketi zilivyokuwa zikirushwa kutoka kwenye majukwaa yaliyo baharini mbele ya kijiji chetu. Nilibishana na rafiki yangu: yeye asema roketi hupaa kwa kuisukuma hewa iliyo chini yake, kama kasia lisukumavyo maji. Nami nikamuuliza, je, ikifika kusikokuwa na hewa husukuma nini? Hakuna aliyepata jibu.*

Ndugu yangu, umeuliza swali ambalo gazeti kubwa la Marekani, The New York Times, lililikosea hadharani. Tarehe 13 Januari 1920 tahariri yake ilimkejeli Robert Goddard, mtafiti wa roketi, kwamba hajui hata kuwa roketi inahitaji kitu cha kusukuma na kwamba katika utupu haitafanya kazi. Goddard alikuwa sahihi, na gazeti lilichapisha masahihisho yake tarehe 17 Julai 1969, siku moja baada ya Apollo 11 kuondoka kwenda mwezini. Yeye alikuwa amefariki mwaka 1945.

Rafiki yako amefikiri kama baharia, na kwa kasia ana haki. Lakini mfikirie mvuvi ambaye kasia lake limechukuliwa na maji, pondo haifiki chini, na hakuna upepo. Ndani ya mashua ana mawe ya farumi. Mashua, mvuvi na mawe vina jumla ya kilo 400. Akisimama tezini akarusha jiwe la kilo 5 kuelekea nyuma kwa kasi ya mita 8 kwa sekunde, jiwe linaondoka na momenta ya 40, na mashua inapata 40 kuelekea mbele, yaani karibu sentimita 10 kwa sekunde. Jiwe halikuhitaji kuangukia chochote. Lau lingeendelea kuruka milele bila kugusa maji, mashua ingekuwa imeshapata mwendo wake tangu jiwe lilipoachana na kiganja. Anachokisukuma mvuvi ni jiwe, na jiwe ndilo linalomsukuma yeye.

Roketi hufanya hivyo hivyo, ila mawe yake ni gesi inayochomwa ndani na kutolewa nyuma kwa kasi inayozidi kilomita 2 kwa sekunde. Hewa ya nje haiisaidii. Kwa hakika huizuia. Na tazama tena mashua ya mvuvi: kila jiwe linalotoka huiacha mashua nyepesi zaidi, kwa hivyo jiwe la 40 huiongezea kasi kubwa kuliko jiwe la kwanza. Ndiyo sababu roketi hutengenezwa kwa hatua, moja juu ya nyingine, na hatua iliyokwisha fueli huangushwa, kwa kuwa kulibeba ganda tupu ni kugawana momenta na kitu kisichofaa kitu tena.

Roketi zilizorushwa hapo kwenu ziliitwa Scout, zenye hatua nne na fueli yabisi, na zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, mradi wa Italia ulioongozwa na Luigi Broglio. Ya kwanza kutoka jukwaa hilo kupeleka setilaiti ilikuwa ya Aprili 1967, na ya mwisho ya mwaka 1988. Mahali hapo palichaguliwa kwa hesabu hii hii ya momenta, kwa maana karibu na ikweta ardhi yenyewe inakwenda mashariki kwa mita 465 hivi katika kila sekunde kwa sababu ya mzunguko wa Dunia. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka Ngomeni inaondoka ikiwa tayari imepewa mwendo huo, kama mtu anayeruka kutoka kwenye mashua iendayo mbele.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, Scout moja iliondoka hapo na setilaiti ya Marekani yenye kilo 140 na ushei, ambayo kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji ilipewa jina la Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Ilipoachana na hatua ya mwisho ilikuwa ikienda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, na tangu hapo haikuwa na mtambo wa kuisukuma mbele wala haikuuhitaji. Wazee wako waliiona ikipanda kwa dakika chache, nayo ikaendelea kuizunguka Dunia kwa miaka. Hata kule juu, kilomita zaidi ya 500, kuna hewa nyembamba mno, na kila chembe ya hewa iliyogongwa na Uhuru iliondoka na kipande cha momenta yake. Iliendelea kuigawa hivyo, chembe kwa chembe, ikishuka polepole, hadi mwaka 1979 ilipoingia kwenye hewa nzito na kuungua.